Mandazi ya Rubondo, Mandazi ya Texas

Mwezi huu tunaongelea jambo ambalo kila familia hapa Nakivale inalijua kwa mikono yake: kupika chakula nyumbani na kukiuza. Lakini tutaanzia mbali, Texas, Marekani, kwa sababu huko ndiko swali lilikotokea.

Kuna mama mmoja, jina tunalihifadhi, aliyekaa Rubondo miaka mingi. Wengi wenu mmekula mandazi yake. Mwaka 2016 alipata safari, akaenda na mume wake na watoto watano. Mdogo wake alibaki, na mpaka leo yuko hapa, naye anauza mandazi kama dada yake. Dada mtu alikuwa anatuma dola 50 kila mwezi, na hizo ndizo zilikuwa zinalipa shule ya watoto wa mdogo mtu.

Halafu mwaka 2023 pesa zikakatika. Mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mwezi wa tatu. Simu haipokelewi, ujumbe unasomwa lakini haujibiwi. Mdogo mtu alikuja kwetu akiwa na hasira. Alisema, "Dada yangu ameshapata roho ya Kizungu, ametusahau." Sisi tulimwambia asubiri. Kusema kweli hata sisi tulianza kufikiri hivyo hivyo.

Kumbe sivyo. Siku moja ujumbe wa sauti ukafika, dakika kumi na moja, mama yule analia na kucheka humo humo. Alikuwa ameanza kupika sambusa za nyama nyumbani kwake. Anapiga picha, anaweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha Wakongomani wa mji ule, watu wanapita jioni baada ya kazi kuchukua. Biashara ilienda vizuri mno, na zile dola 50 ndiko zilikokuwa zinatoka. Sasa mtu fulani akapeleka habari. Asubuhi moja afisa wa afya wa mji akagonga mlango, kwa adabu tu, akamwachia karatasi inayosema aache kuuza.

"Mimi niliona muhuri kwenye karatasi," anasema, "nikajua hapa tunarudishwa." Alizima simu. Alifuta picha zote. Mafuta ya kukaangia, lita nne, aliyamwaga kwenye sinki, na bomba likaziba, wakalipa fundi. Kwa miezi mitatu alikuwa anaogopa hata kuwapikia wageni. Mume wake akawa anamlaumu kwamba tamaa ya pesa itawaponza wote.

Hakuna aliyerudishwa. Hakuna hata aliyepelekwa mahakamani. Baada ya muda, mama mmoja wa huko anayewasaidia wageni na mambo ya karatasi alikaa naye mezani, akamsomea ile barua neno kwa neno. Ilikuwa inasema jambo dogo sana: nyama hapana. Mandazi ruhusa. Chapati ruhusa. Kashata ruhusa.

Tumeona tuwaeleze habari hii kwa urefu, kwa sababu karibu kila nyumba hapa ina mtu aliye kule, na hofu ya huyu mama wengi wanayo bila kuisema.

Marekani hakuna sheria moja ya nchi nzima juu ya chakula kinachopikwa nyumbani na kuuzwa. Kila jimbo lina yake. Kwa Kiingereza wanaziita cottage food laws, na neno hilo mlishike, maana ndilo ndugu yako ataandika kwenye simu pamoja na jina la jimbo lake akitaka kujua haki yake. Kwa sisi tuseme ni sheria za chakula cha nyumbani. Zinamruhusu mtu kupika vyakula fulani katika jiko lake la kawaida, bila kukodi jiko la mgahawa lenye sinki tatu na kila kitu cha chuma, akaviuza. Kuna majimbo yaliyofungua mlango mapema na kwa upana, kama Wyoming mwaka 2015. New Jersey ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mpaka mwaka 2021 mtu akiuza keki aliyooka nyumbani kwake kule alikuwa anavunja sheria.

Sasa kwa nini andazi ndiyo na sambusa ya nyama hapana? Hapa mama zetu hawahitaji mwalimu. Si unajua maharage ya jana yakilala kwenye sufuria yanachacha, yanatoa povu? Na sombe je, na wali? Lakini andazi la jana linakauka tu, unalila na chai na hakuna anayeumwa. Vijidudu vinavyoleta ugonjwa vinataka maji, vinataka chakula laini, na vinataka joto la katikati. Wataalamu wa Marekani wanaliweka joto hilo la hatari kati ya nyuzi 5 na 57 za Selsiasi. Chakula cha maji maji chenye nyama, maziwa, mayai au mboga zilizopikwa lazima kikae baridi chini ya hapo au moto juu ya hapo, la sivyo vinazaliana. Kitu kikavu kama mkate, au chenye sukari nyingi kama jamu, au chenye siki kali kama achari iliyotengenezwa sawasawa, hakivipi nafasi. Basi majimbo mengi yalikata mstari hapo. Kisichohitaji friji kinaruhusiwa, kinachohitaji friji hakiruhusiwi. Na nyama ina sheria zake za nchi nzima za ukaguzi, tangu mwaka 1906, ndiyo maana wanaiogopa zaidi.

Lakini mstari huo unasogea, na hapo ndipo familia nyingi zinapotea, wanashika sheria ya zamani au sheria ya jimbo la shemeji yao. Texas yenyewe imebadilika. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, mtu anaweza kuuza hata vyakula vingi vinavyohitaji friji, mradi ajiandikishe kwanza katika idara ya afya ya jimbo. Nyama, kuku na samaki bado hapana. Kiasi cha mauzo kwa mwaka kilipandishwa kutoka dola 50,000 hadi 150,000. Kwa hiyo mama yetu, ambaye mwaka 2023 hata sambusa ya viazi isingemfaa, leo akijiandikisha anaweza kuuza ya viazi na ya dengu. Ya nyama aipike kwa ajili ya wanawe tu.

Arizona ni hadithi nyingine. Kule Wamexico wana chakula kinaitwa tamale, unga wa mahindi wenye nyama ndani, umefungwa kwenye maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Ukiuona utafikiri ni binamu wa kwanga yetu. Watu walikuwa wanauza tamale mitaani na mbele ya nyumba miaka na miaka, na kwa sheria ilikuwa kosa. Mwaka 2023 wabunge wa jimbo wakapitisha ruhusa, gavana akaikataa. Wakarudi tena, na mwaka 2024 akaitia sahihi. Sasa Arizona mtu aliyejiandikisha na kusoma kozi ya usafi wa chakula anaweza kuuza hata chakula chenye nyama, kama nyama imetoka mahali palipokaguliwa, lakini kwa masharti ya kukipeleka mkononi na kutokichelewesha njiani. Wakongomani na Warundi walio Phoenix na Tucson walipata mlango huo kwa sababu ya mama wa Kimexico waliokataa kunyamaza.

California inazo sheria mbili. Ya kwanza ilianza Januari 2013, ni ya mikate, biskuti, jamu na vitu vikavu. Ya pili ni ya mwaka 2018, inamruhusu mtu kufanya kama mgahawa mdogo nyumbani, chakula cha moto chenye nyama, ila katika wilaya zilizokubali tu, na kuna ukaguzi na idadi ya sahani kwa siku. Ohio nayo haidai leseni wala ada kwa vyakula vikavu vya kawaida, lakini orodha yake inataja donati za kuoka zisizo na kitu ndani. Za kuoka! Sasa andazi letu linaogelea kwenye mafuta. Kama una binti Dayton au Columbus anayeuza mandazi, mwambie aulize kwanza idara ya kilimo ya jimbo. Kuuliza hakumtii mtu matatani. Yule mama wa Texas angeuliza, angeokoa lita nne za mafuta na bomba la sinki.

Kuna mambo ambayo karibu kila jimbo linataka. La kwanza ni karatasi ya maelezo juu ya mfuko. Iandikwe jina la chakula, jina la mpishi na mahali alipo, vilivyomo ndani kuanzia kilicho kingi zaidi, na maneno ya kumwambia mnunuzi kwamba chakula kimetoka jiko la nyumbani lisilokaguliwa na serikali. Kila jimbo lina maneno yake kamili, ayanakili kama yalivyo. Wako akina mama wanaoogopa kuandika anuani ya nyumba, na tunawaelewa, hasa mwenye watoto wa kike. Baadhi ya majimbo, Texas ikiwemo, humruhusu mtu kujiandikisha apewe namba ya kuweka badala ya anuani.

Katika karatasi hiyo kuna jambo ambalo sisi hatukulizoea. Ni vyakula vinavyowadhuru watu fulani. Hapa karanga ni uhai, tunazitia kwenye sombe, kwenye uji wa mtoto, kila mahali. Kule yuko mtoto ambaye akila karanga koo linavimba na anaweza kufa kabla ya kufika hospitali. Sheria ya Marekani inataja vyakula 9 vya kutangazwa: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, njugu za miti kama korosho na lozi, karanga, ngano, soya, na ufuta, ambao uliongezwa tangu Januari 2023. Mwenye kukaanga kashata za karanga na mandazi katika jiko moja aandike hivyo. Huyu mama alituambia mwanzo aliona ni mchezo wa Wazungu, mpaka siku mteja mmoja aliporudisha kashata na kumwonyesha ile sindano ambayo mtoto wake anatembea nayo.

Mengine tunayapitia haraka. Mkataba wa nyumba ya kupanga usomwe, maana mwenye nyumba anaweza kukataza biashara hata kama jimbo limeruhusu. Kutuma chakula kwa posta kwenda jimbo lingine kuachwe, sheria nyingi hizi zinaishia kwenye mpaka wa jimbo. Mtu aliyefika kama mkimbizi ana haki ya kufanya kazi, na kujiajiri ni kazi. Anayesubiri kesi ya hifadhi aulize kwanza wakili. Na kodi: mtu akibakiwa na dola 400 au zaidi kwa mwaka baada ya kutoa gharama, lazima atangaze. Anayepokea msaada wowote wa serikali atangaze mapato haya pia. Kuficha dola 200 za chapati kumeshavuruga karatasi za watu kuliko chapati zenyewe.

Tunajua mtasema, "Hayo ni ya Marekani, sisi yatatusaidia nini?" Kesi nyingi za kwenda Marekani zilisimama tangu Januari 2025, na wako kati yenu mliouza vitu vya nyumba mkingoja ndege ambayo haikuja. Hatuandiki haya kuwatonesha kidonda. Tunaandika kwa sababu walioko kule nao wanabanwa. Sheria ya Julai 2025 iliwatoa kwenye msaada wa chakula wa serikali wakimbizi ambao hawajapata kadi ya ukaazi wa kudumu. Na hapa kwetu, mwaka huo huo, WFP iliwatoa watu karibu milioni moja nchini Uganda kwenye mgao kwa kukosa fedha. Dada kule na mdogo hapa, wote wawili wakageukia karai la mafuta.

Tulimwendea mdogo mtu nyumbani kwake, tukakaa naye asubuhi mbili. Tulitaka kuona hesabu. Alisema biashara inaenda, wateja wapo, mandazi yanaisha kabla ya saa tatu. Lakini pesa haonekani. Basi tukaandika. Unga wa ngano kilo 2, shilingi 9,000. Sukari robo kilo, 1,200. Hamira na chumvi, 800. Mafuta yanayopungua kwenye karai, 3,500. Makaa ya mbabula, 1,500. Jumla 16,000. Kilo mbili zilimpa mandazi 60, anauza 300 moja. Watoto wake walikula 6 wakienda shule. Yalibaki 54, sawa na shilingi 16,200. Faida ya siku nzima, shilingi mia mbili! Na hapo hatujahesabu matatu aliyokopesha kwa jirani ambaye, tuseme ukweli, hatalipa. Bei zinapanda na kushuka, msitushike kwa hizi, lakini chukueni kalamu mfanye zenu.

Alinyamaza kidogo, halafu akacheka. "Kumbe nimekuwa nafanyia kazi makaa," alisema.

Alichobadilisha si kikubwa. Aliungana na majirani wawili wakanunua mfuko mzima wa unga, kilo mbili zikamfikia kwa 8,000. Wanakaanga kwa zamu kwenye moto mmoja, fungu lake la makaa likashuka hadi 1,000. Watoto wanapata mandazi manne, wamehesabiwa, na chai. Anauza 56, anapata 16,800, ametumia 14,500, zinabaki 2,300. Hakupunguza ukubwa wa andazi. Anasema mteja wa Rubondo ana mizani machoni. Mkopo anaruhusu mpaka Ijumaa tu, na anaandika kwenye daftari mbele ya mkopaji mwenyewe. Hilo la kuandika mbele yake tumelipenda sana.

Jambo moja hatukukubaliana naye, tukamwambia, na tunaliandika hapa kwa ruhusa yake. Binti yake wa P.6 alikuwa anaamka saa kumi usiku kukanda na kukaanga, halafu anakwenda shule na moshi machoni. Mwalimu alisema analala darasani. Mama alijibu kwamba hata yeye alilelewa hivyo, na asipomsaidia nani atamsaidia? Tunaelewa. Lakini pesa ya mandazi inatafutwa ili binti asome, sasa akilala darasani tunanunua nini? Walikaa na baba wa nyumba. Baba yule, ambaye alikuwa anasema mandazi ni kazi ya wanawake, sasa ndiye anayewasha moto na kuchota maji usiku. Wenzake wanamcheka. Anajibu kwamba wanaomcheka wananunua kwake.

Ule utaratibu wa Marekani wa karatasi juu ya mfuko, yeye hauhitaji hapa. Ila kuna aliyoyachukua kwa dada yake kupitia simu: mafuta yaliyogeuka meusi hayarudi karaini, anayeharisha au mwenye kidonda mkononi hakandi unga siku hiyo, pesa hazishikwi kwa mkono ule ule unaotoa andazi, na beseni lina kifuniko, si gazeti. Sambusa za nyama anazitengeneza kwa oda tu, zinaliwa zikiwa za moto, hazilali. Kwa kuwa kipindupindu tunakijua sote, hatudhani kuna haja ya kueleza zaidi.

Dada mtu sasa anauza Jumamosi peke yake, mandazi 12 kwa dola 10, na karatasi imebandikwa kwenye kila mfuko. Siku nyingine anafanya kazi ya usafi. Pesa zimeanza kuja tena, dola 30 badala ya 50, na za kwanza ndizo zilizonunua fungu la unga. Wale ndugu wawili wameongea. Mdogo mtu alimwomba msamaha kwa lile neno la roho ya Kizungu. Dada mtu alijibu kwamba angekuwa na roho ya Kizungu angejua kusoma ile barua siku ya kwanza.

Wenye ndugu Marekani, pigeni picha kurasa hizi mwatumie, na wakiwa na swali la jimbo lao watuletee kwa sauti au kwa maandishi, tutatafuta jibu. Na wewe uliye hapa na una hesabu ya chapati, sombe ya kupika, maandazi ya Kirundi au ndagala za kukaanga, iandike kwenye karatasi hata kwa penseli, uitie kwenye sanduku letu pale Base Camp. Tutachapisha tatu mwezi ujao, bila majina.